Dawa Iliyovumbuliwa kwa Fedha za Serikali Ni Mali ya Nani?

Ndugu wanafunzi, na ninyi wenzangu mliomaliza zamani,

Kurasa hizi za Kiswahili huandikwa mara nyingi habari za michezo, kilimo na mwenendo mwema. Leo naomba nafasi kidogo niseme juu ya jambo lisilozungumzwa sana shuleni, nalo ni mikataba. Sina maana ya mikataba ya nyumba wala ya mashamba. Nasema juu ya mikataba ambayo serikali hutia sahihi na makampuni, ili kitu kilichovumbuliwa na wataalamu wa serikali kitoke katika maabara, kiende kiwandani, kisha kimfikie mtu anayekihitaji.

Labda msomaji atasema, "Mambo hayo ni ya Washington na Geneva, yatuhusu nini sisi wa Cyangugu?" Yatuhusu sana. Mwezi wa Desemba 2019 watu wa Rusizi na wa Rubavu walianza kudungwa chanjo ya Ebola katika mpango ulioitwa Umurinzi. Zaidi ya watu 200,000 wa nchi yetu walipata chanjo ile, sindano mbili zilizoachana siku 56. Wengi wenu mnaosoma gazeti hili mlikuwamo, au mama zenu walikuwamo, wale wanaovuka daraja la Rusizi kwenda Bukavu na maziwa, mboga na samaki. Chanjo ile haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitoka katika maabara, ikapitia mezani kwa wanasheria, na huko mezani ndiko palipoamuliwa nani ataitengeneza, nani ataiuza, na nani atangoja.

Mimi kazi yangu ni kutunza stoo ya dawa hapa Kamembe. Kila sanduku linaloingia lina karatasi yake, na kila linalotoka lina sahihi. Kazi hii imenifundisha kuliheshimu neno la wazee wetu, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nataka kuonyesha kwamba neno hili lafaa kwa uvumbuzi kama lifaavyo kwa stoo.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mtu au idara ikivumbua kitu kipya, serikali huweza kumpa hataza, yaani hati inayosema kwamba kwa muda wa miaka ishirini hivi hakuna mwingine aruhusiwaye kukitengeneza au kukiuza bila ruhusa yake. Ruhusa hiyo ndiyo leseni. Leseni yaweza kutolewa kwa watu wengi, na yaweza kutolewa kwa mmoja peke yake. Fikirini shamba la mpunga katika bonde la Bugarama. Mwenye shamba akimkodishia mkulima mmoja peke yake, na mkulima yule akaliacha liote magugu, basi jirani mwenye jembe na mbegu hawezi kuingia, hata kama watoto wake wana njaa. Mwenye shamba mwenye busara huandika katika karatasi: "Usipolima hadi msimu fulani, shamba langu narudishiwa." Mikataba ya dawa ni hivyo hivyo. Swali ni kwamba neno hilo la msimu limeandikwa au halikuandikwa, na kama limeandikwa, kwamba mwenye shamba ana moyo wa kulitumia.

Sasa nitatoa mifano miwili, na yote miwili imefika ng'ambo ya mto huu wetu.

Mfano wa kwanza watoka Kanada. Katika mji wa Winnipeg kuna maabara ya serikali ya nchi ile. Wataalamu wake walitengeneza chanjo ya Ebola, na serikali yao ikaomba hataza mwaka 2003. Mwaka 2005 walitangaza kwamba nyani waliochanjwa walikingwa. Hapo chanjo ilihitaji kampuni ya kuitengeneza kwa wingi na kuijaribu kwa binadamu. Mwaka 2010 serikali ya Kanada ikatoa leseni ya peke yake kwa kampuni ndogo ya Marekani, iliyokuwa chini ya kampuni iitwayo NewLink Genetics. Malipo yalikuwa dola za Kanada 205,000 tu. Miaka minne ikapita, na hakuna binadamu hata mmoja aliyejaribiwa chanjo ile.

Kisha mwaka 2014 Ebola ikazuka kwa nguvu katika Guinea, Liberia na Sierra Leone. Watu zaidi ya 11,000 walikufa kabla moto ule haujazimwa. Mwezi wa Agosti mwaka ule serikali ya Kanada ilitoa dozi kati ya 800 na 1,000 kwa Shirika la Afya Duniani, na majaribio kwa binadamu yakaanza katika miezi ya mwisho ya mwaka. Mwezi wa Novemba NewLink iliiuzia haki zake kampuni kubwa ya Merck, ikapokea dola za Marekani milioni 30 papo hapo, na ahadi ya milioni 20 nyingine. Mwaka 2015 majaribio yaliyofanywa Guinea yalionyesha kwamba chanjo yafanya kazi vizuri mno. Tangu 2018 hadi 2020, Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu zaidi ya 300,000 walichanjwa kwa chanjo hiyo hiyo.

Sisemi kwamba kampuni ile ndogo ilitenda uhalifu. Kabla ya 2014 hapakuwa na tajiri aliyetaka kutoa fedha kwa ugonjwa wa maskini, na mkataba wenyewe ulikuwa na masharti yake. Nasema kwamba masharti hayo, kama yalivyoandikwa na kama yalivyosimamiwa, hayakutosha kuiondoa chanjo katika rafu kabla ya maafa. Kitu kilichotengenezwa na serikali kwa kodi za wananchi, kikatolewa kwa dola 205,000, kiliuzwa tena kwa mamilioni katika mwezi ambao Waafrika walikuwa wakizikwa katika mifuko. Mwanafunzi wa hesabu na apige hesabu hiyo mwenyewe.

Mfano wa pili unatugusa kwa karibu zaidi, kwa kuwa chanzo chake ni damu ya mtu wa Kongo. Mwaka 1995 Ebola ilizuka katika mji wa Kikwit. Watu 315 waliugua, na katika kila watano walikufa wanne. Daktari Jean-Jacques Muyembe, ambaye alikuwa amekwisha kuiona Ebola huko Yambuku mwaka 1976, aliwaza hivi: aliyepona lazima ana kitu katika damu yake kilichomshinda adui. Akawatia wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, na saba kati yao wakapona. Wakubwa wa ulimwengu wa tiba walitia shaka, wakasema idadi ni ndogo mno. Lakini wazo lake halikufa.

Mwaka 2006 mtu mmoja aliyepona Kikwit alikubali kutoa damu yake tena. Watafiti wa Taasisi za Afya za Taifa za Marekani, pamoja na wenzao wa Uswisi na wa taasisi ya Daktari Muyembe mjini Kinshasa, walitafuta ndani ya damu ile kingamwili, yaani askari wa mwili, iliyo na nguvu kuliko nyingine. Waliipata, wakaiita mAb114. Ilikuwa miaka kumi na moja tangu mtu yule apone, na askari wake walikuwa bado wako zamu.

Mwaka 2018 serikali ya Marekani ilitoa leseni ya dawa hiyo kwa kampuni ya Ridgeback Biotherapeutics ya Miami. Kuanzia Novemba 2018 dawa nne zilijaribiwa kwa pamoja katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, mahali palipokuwa na vita na mashaka, na waliofanya kazi hiyo wengi walikuwa madaktari na wauguzi wa Kongo wenyewe. Agosti 2019 majaribio yalisimamishwa mapema kwa sababu matokeo yalikuwa dhahiri. Katika wagonjwa waliopewa dawa ya zamani iitwayo ZMapp, karibu nusu walikufa. Katika waliopewa mAb114 walikufa 35 katika kila mia, na katika waliopewa dawa ya kampuni ya Regeneron walikufa 34 hivi. Waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, alikufa kama mmoja katika kila kumi. Mwezi wa Desemba 2020 Marekani iliidhinisha mAb114, nayo ikapewa jina la biashara, Ebanga.

Hii ni habari ya kufurahisha, wala sitaki mtu aichafue. Tangu zamani mtu akisikia neno Ebola alihesabu maiti. Sasa aweza kuhesabu waliopona. Kwa haki niseme pia kwamba wagonjwa wa Kongo hawakuuziwa dawa hiyo, walipewa bure. Basi shauri liko wapi?

Shauri liko katika karatasi. Nimejitahidi kusoma sheria za Marekani zinazohusu uvumbuzi wa serikali, zilizoanza mwaka 1980, na nimekuta ndani yake hekima nyingi. Serikali haiwezi kutoa leseni ya peke yake kwa siri. Lazima itangaze kwanza, na watu wapewe siku zisizopungua 15 za kuleta maoni. Kampuni haipewi upekee ila ikiwa bila upekee huo kazi haitafanyika. Lazima ilete mpango wa kazi, na kutoa taarifa ya maendeleo. Serikali yenyewe hubaki na haki ya kuutumia uvumbuzi bila kulipa. Bidhaa zitakazouzwa Marekani zitengenezwe kwa sehemu kubwa huko huko Marekani. Na mtaalamu wa serikali aliyeandikwa kuwa mvumbuzi hupata sehemu ya mrabaha, isiyopungua 15 katika mia baada ya dola 2,000 za kwanza.

Tazameni jinsi sheria ile ilivyomkumbuka kila mtu wa nyumbani. Imemkumbuka mlipa kodi, mfanyakazi wa kiwanda, mwenye kampuni na mtaalamu. Lakini mtoa damu, kwa sheria, si mvumbuzi. Na nchi ambamo ugonjwa umetoka, na ambamo dawa imejaribiwa, haikutajwa kuwa na fungu lolote. Siwalaumu waliotunga sheria ile. Walikuwa wakilinda mali ya watu wao, kama walivyotumwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Matokeo yake tumeyaona. Serikali ya Marekani ilinunua dozi nyingi za dawa hizi na kuziweka katika akiba yake, kwa hofu kwamba siku moja adui aweza kutumia Ebola kama silaha. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limelalamika kwamba sehemu kubwa ya dozi zilizopo zilikuwa huko, mbali na mahali ugonjwa unapozuka, na kwamba katika milipuko iliyofuata baada ya 2020 wagonjwa wengi hawakupata matibabu hayo. Mtunza stoo anielewe: dawa iliyo katika kabati la mtu mwingine, na ufunguo uko mfukoni mwake, huwezi kuiandika katika daftari lako kuwa unayo. Ebola ilipozuka Bulape, katika Kasai, mwezi wa Septemba 2025, dawa ilibidi ije kwa ndege, nayo njia ya Bulape ni ndefu na mbaya. Mgonjwa wa Ebola hana siku nyingi za kungoja.

Msidhani kwamba hakuna Mwafrika aliyewahi kudai haki yake. Huko Nairobi, katika mtaa wa Majengo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa ng'ambo waliwafuatilia kwa miaka mingi wanawake fulani ambao hawakuambukizwa Ukimwi ijapokuwa walikutana nao kila mara. Kutokana na kazi hiyo ikatafutwa chanjo kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 2000 Wakenya waligundua kwamba maombi ya hataza yalikuwa yamepelekwa bila wao kuwamo. Walipiga kelele, magazeti yakaandika, na mwishowe mapatano yakatengenezwa upya ili Nairobi iwe na fungu. Chanjo yenyewe haikufaulu, lakini somo lilibaki. Fungu lile lingeweza kuandikwa tangu mwanzo kwa kalamu moja, bila ugomvi wowote.

Na nchi yetu? Nasema kwa fahari kwamba Rwanda imekwisha kulionyesha dunia jambo katika mambo haya. Mwaka 2003 Shirika la Biashara Duniani lilikubali kwamba nchi isiyo na viwanda vya dawa yaweza kuiomba nchi nyingine itengeneze dawa zilizo chini ya hataza na kuziuza kwake, bila kungoja ruhusa ya wenye hataza. Nchi zote zilishangilia, lakini hakuna iliyothubutu kuwa ya kwanza. Julai 2007 Rwanda ilipeleka taarifa kwamba inataka kununua pakiti 260,000 za vidonge vya Ukimwi, vyenye dawa tatu ndani ya kimoja, kutoka kampuni ya Apotex ya Kanada. Septemba mwaka ule Kanada ikatoa leseni, na Septemba 2008 shehena ya kwanza ikasafirishwa. Tukawa wa kwanza duniani kuitumia njia ile.

Lakini mwenye kusifu na aseme pia lililokuwa zito. Kutoka uamuzi wa 2003 hadi vidonge kusafirishwa ilipita miaka mitano. Barua zilikwenda na kurudi, wanasheria waliulizana, na katika muda huo watu walikufa. Njia ya kuomba ruhusa baada ya mlango kufungwa ipo, nasi tumeipita. Lakini ni ndefu. Njia fupi ni kuandika masharti mlango ukiwa bado wazi.

Mwaka 2024 tuliona mfano ulio bora zaidi. Tarehe 27 Septemba serikali yetu ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia. Waliougua walikuwa 66, wengi wao wafanyakazi wa hospitali, na 15 walikufa. Hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa popote duniani. Hata hivyo tarehe 5 Oktoba dozi za kwanza 700 hivi ziliwasili Kigali, na kesho yake wahudumu wa afya wakaanza kuchanjwa kwa njia ya majaribio. Ilikuwaje upesi hivyo? Asili ya chanjo ile ni kazi ya watafiti wa serikali ya Marekani pamoja na kampuni. Kampuni kubwa ya GSK, iliyokuwa na haki zake, mwaka 2019 iliitoa leseni kwa Taasisi ya Chanjo ya Sabin, ambayo haitafuti faida. Sabin, kwa fedha za serikali ya Marekani, iliendelea na kazi na kuweka dozi tayari. Linganisheni na habari ya Winnipeg. Aina ya kazi ni moja, serikali imevumbua, leseni imetolewa; lakini safari hii aliyeshika leseni alikuwa mtu wa kulima, na shamba halikuota magugu. Basi kosa haliko katika leseni yenyewe. Liko katika nani amepewa, kwa masharti gani, na nani anamkagua.

Najua watakuwapo wa kunipinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Watasema, "Mkiweka masharti mengi, kampuni zitakimbia, na dawa itabaki katika chupa za maabara." Ni kweli kwamba kutengeneza dawa hugharimu fedha nyingi, na anayezitoa ataka kuwa na hakika kwamba jirani hatamwibia mavuno. Mimi sikatazi leseni ya peke yake. Nasema iwe na tarehe, kama kodi ya shamba ilivyo na msimu. Kampuni yenye nia ya kulima haiogopi tarehe.

Wengine watasema, "Ugonjwa ukizuka si wakati wa kubishana juu ya mafungu, sampuli zipelekwe mara moja." Nami nakubali kabisa. Ndiyo sababu mapatano yafanywe kabla ugonjwa haujazuka. Mtu hajengi zizi simba akiwa mlangoni. Tarehe 20 Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha Mkataba wa Magonjwa ya Mlipuko, nao wazungumza juu ya jambo hili hili: nchi itoe upesi vijidudu na habari zake, na watengenezaji watoe upesi sehemu ya dawa na chanjo, fungu la 20 katika mia wakati wa janga. Lakini namna yenyewe ya kugawana iliachwa ipangwe katika kiambatisho. Aliyezoea mikataba ajua kwamba mara nyingi chakula kiko katika kiambatisho, na katika kurasa za mbele kuna sahani tu. Kadhalika, Januari 2025 Taasisi za Afya za Taifa za Marekani zilitangaza kwamba kampuni itakayochukua leseni za uvumbuzi wake italazimika kuleta mpango wa kuwafikishia watu dawa. Ni dalili njema. Lakini mpango ulioandikwa na mwingine, hata akiwa mwema, si badala ya neno lako mwenyewe.

Basi ni neno gani ningetaka nchi zetu ziseme kila damu, mbegu au udongo unapotoka kwenda maabara ya ng'ambo, na kila taasisi yetu inaposhirikiana na ya mgeni?

Kwanza, karatasi iandikwe kabla ya chupa kufungwa. Sampuli isiondoke bila mapatano, hata yawe ya ukurasa mmoja.

Pili, pawe na tarehe. Aliyepewa leseni asipofanya kazi kwa muda uliotajwa, haki zirudi kwa serikali, wala isihitajike kesi ya miaka mitatu.

Tatu, akiba iwekwe karibu na ugonjwa. Dawa ya Ebola iwe na fungu lake Kinshasa, Goma, Kampala au Kigali, katika friji zetu, na ufunguo mikononi mwa watu wetu.

Nne, kazi ifundishwe. Si haki kwamba mtu wetu aandikwe siku zote kuwa mshika sindano katika majaribio, na kiwandani asiingie. Kiwanda cha chanjo cha kampuni ya BioNTech kilianza kujengwa Kigali mwaka 2022. Vijana wetu wakijua kazi, viwanda vya namna hiyo vitakuwa na watu wa kutenda, wala si walinzi wa lango tu.

Tano, mkataba usifichwe. Ikiwa Wamarekani hupewa siku 15 za kutoa maoni juu ya mali yao, nasi tupewe siku za kutoa maoni juu ya yetu.

Na hapa ninawageukia ninyi wanafunzi. Wengi wenu mnataka kuwa madaktari, na wazazi wenu wanafurahi. Ni vema. Lakini daktari peke yake hakutosha kuipeleka chanjo ya Winnipeg Guinea, wala daktari peke yake hakuzileta dawa za Apotex Kigali. Walihitajika pia watu wanaojua sheria, watu wanaojua hesabu za biashara, na watu wanaoweza kusoma kurasa arobaini za Kiingereza au Kifaransa kigumu bila kulala, na kuona neno moja lililojificha katika ukurasa wa thelathini na tisa. Mwalimu wenu wa lugha akiwataka mfafanue sentensi ndefu, msinung'unike. Huenda sentensi kama ile ndiyo siku moja itaamua nani apate dawa.

Ninyi wenzangu wa zamani mlio katika afisi za wilaya, katika hospitali, katika vyama vya ushirika vya mpunga, chai na kahawa, na katika taasisi za utafiti za Rubona na Huye, ninyi hamna haja ya kungoja Geneva. Karatasi hupita mbele yenu kila wiki. Mgeni akija kuomba mbegu au majani, apewe kiti, apewe maji, na apewe pia karatasi. Na taasisi zetu wenyewe zinapotoa aina mpya ya mbegu zilizotafutwa kwa kodi zetu, zikumbuke sheria ile ile: mkulima wa Nkungu au wa Bweyeye asije akafungiwa nje ya shamba alilolilipia. Hatuwezi kudai haki ng'ambo ya bahari na kuwanyima jirani zetu nyumbani.

Mimi naamini kwamba dawa iliyovumbuliwa kwa fedha za serikali ni mali ya watu kwanza, na kampuni ni mpangaji. Mpangaji mwema alindwe na apate faida ya jasho lake. Lakini mpangaji hapewi hati ya nyumba. Na katika nyumba hii ya tiba ya Ebola, mawe ya msingi yalitoka Yambuku, Kikwit na Beni. Wakati mwingine karatasi itakapowekwa mezani, na awepo mtu wa kwetu aliyeisoma yote kabla ya kalamu kugusa wino. Natumaini mtu huyo sasa hivi ameketi katika darasa mojawapo la shule hii.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa zamani, Kamembe